Anga Imefungwa, Meli Inakuja

Mwezi Mei 2025, saa moja asubuhi, kahawa bado ya moto, simu ikaita. Alikuwa mteja wangu wa vipuri vya bajaji, mwenye duka Ngamiani, hapa Tanga. "Kaka, nimefuta ile oda ya India. Si umesikia wamefunga anga?" Nikamuuliza kama kontena lake la futi ishirini lilikuwa linakuja kwa ndege. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema maneno ambayo masikio yangu yameshaota sugu kwa kuyasikia: "Sasa bwana, nchi zikigombana hivyo, mzigo utatokaje?"

Mzigo ungetoka kwa njia ile ile uliyotokea mwaka juzi. Ulikuwa upakiwe bandari ya Mundra, jimbo la Gujarat huko India, uvuke Bahari ya Hindi, ufike Tanga. Malipo ya awali, asilimia thelathini, muuzaji ameyakalia, na mkataba unamruhusu. Nimefanya uwakala wa forodha hapa mjini tangu enzi meli zinatia nanga mbali na mizigo inaletwa gatini kwa matishari, na kila ndege ya kivita inapovuka mpaka wa mtu huko duniani, simu yangu haitulii. Safari hii nimeamua kuandika. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

"Nchi mbili zikigombania anga, biashara yote kati yao husimama." Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayowala watu fedha.

Tuanze na hiyo hiyo ya India. Tarehe 24 Aprili 2025, siku mbili baada ya watalii kuuawa katika shambulio la Pahalgam, Kashmir upande wa India, ambalo India iliilaumu Pakistan, Pakistan ilifunga anga yake kwa mashirika ya ndege ya India. Tarehe 30 India nayo ikafunga yake kwa ndege za Pakistan. Sikiliza vizuri: ndege za India, ndege za Pakistan. Ndege inayotoka Delhi kwenda Ulaya ikalazimika kuzunguka na kuchoma mafuta zaidi. Meli inayotoka Gujarat kuja huku kwetu haikuhusika hata kidogo.

Lililopaswa kumkosesha mtu usingizi lilikuja siku chache baadaye na halikupigiwa kelele. Mwanzoni mwa Mei India ilipiga marufuku kuingiza, au hata kupitisha tu nchini mwake, bidhaa yoyote yenye asili ya Pakistan, na ikazuia meli zenye bendera ya Pakistan kuingia bandari zake. Pakistan ikajibu kwa kuzifungia meli zenye bendera ya India. Mwenye nguo za Karachi zilizopangwa kubadilishiwa meli Mundra ndiye aliyestahili kunipigia saa moja asubuhi. Hakunipigia. Aliyepiga ni wa bajaji.

Mfano wangu mwingine wateja wa zamani wanaujua kwa kuchoka, ila ndio unaofundisha. Tarehe 24 Novemba 2015 ndege ya kivita ya Uturuki aina ya F-16 iliitungua ndege ya kivita ya Urusi aina ya Su-24 karibu na mpaka wa Syria. Uturuki ilisema ndege ile iliingia anga yake kwa sekunde 17, baada ya kuonywa mara 10 ndani ya dakika 5. Urusi ikasema haikuingia kabisa, ilikuwa Syria muda wote. Rubani mmoja aliuawa, mwenzake akaokolewa, na askari mmoja wa kikosi cha uokoaji naye akafa. Putin akasema wamechomwa kisu mgongoni.

Siku nne baadaye akasaini amri ya vikwazo. Hapa ndipo nawaomba watu wasome orodha yenyewe, wasiishie kwenye kichwa cha habari. Kuanzia tarehe 1 Januari 2016 Urusi ilikataa nyanya za Uturuki, matango, vitunguu, zabibu, tufaha, kuku, machungwa na machenza. Malimau hayakuwamo.

Nilipomweleza jambo hili mzee mmoja wa Muheza anayepeleka machungwa Kenya kupitia mpaka wa Horohoro, alicheka mpaka akashika mbavu. Chungwa limezuiwa, ndugu yake limau kapita! Lakini hakuna miujiza. Uturuki ilikuwa ndiyo mlishaji mkubwa wa malimau kwa Warusi, na serikali yenye hasira haikuwa tayari kuwanyima raia wake limau la chai kwa ajili ya ndege. Gesi nayo iliendelea. Uturuki wakati ule ilipata zaidi ya nusu ya gesi yake kutoka Urusi, na bomba halikufungwa hata siku moja. Kilichosimamishwa ni mazungumzo ya bomba jipya ambalo bado lilikuwa kwenye karatasi. Mradi wa kinu cha nyuklia cha Akkuyu, unaojengwa na Warusi, haukufutwa. Meli za biashara za Urusi, za ngano na za mafuta, ziliendelea kupita mlango wa bahari wa Bosphorus katikati ya Istanbul, maana Mkataba wa Montreux wa 1936 unalinda njia hiyo, na Uturuki haikuthubutu kuugusa. Wanaotuuzia unga wa ngano hapa mjini wakumbuke hilo: ngano nyingi ya Urusi hupita pale pale.

Nani basi aliumia? Mwenye hoteli Antalya, mji wa watalii pwani ya Uturuki, na mkulima wa nyanya. Urusi ilizuia ndege za kukodi za watalii na ikawakataza mawakala wake kuuza safari za Uturuki. Watalii wa Kirusi walikuwa kiasi cha milioni 3.6 mwaka 2015. Mwaka 2016 hawakufika 900,000. Mabomu na jaribio la mapinduzi la Julai vilichangia, sikatai, lakini amri ya Moscow ndiyo iliyokata mguu wa kwanza. Waajiri wa Urusi wakakatazwa kuajiri Waturuki wapya, na safari bila viza zikafutwa.

Kwa hiyo mtu akinipigia kuniambia "wamegombana", namuuliza manne kabla hajamaliza salamu: meli ina bendera gani, mzigo una asili ya wapi, unabadilishiwa meli bandari ipi, na namba yake ya HS, ile ya forodha inayotambulisha aina ya bidhaa, ni ipi. Limau na chungwa zina namba tofauti. La tano naliuliza kwa ukali kidogo: bima yako ina kifungu cha vita? Wengi hudhani wamekatia. Bima ya kawaida ya shehena huwa inaitoa hatari ya vita. Kinga ya vita hununuliwa pembeni, kwa nyongeza, na hununuliwa kabla ya habari kuvuma. Ukija baada ya taarifa ya saa mbili usiku, utaikuta bei nyingine.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Ndege ya jeshi ikivuka mpaka, hiyo ni vita." Kungekuwa na vita kila mwezi. Siku ile ile Su-24 ilipoanguka, NATO walikutana Brussels, wakaiunga mkono Uturuki kwa maneno, wakaomba watu watulie. Kifungu cha 5 cha mkataba wao, kinachosema kumshambulia mmoja ni kuwashambulia wote, hakikuguswa. Karibu na kwetu, tarehe 24 Januari 2023 Rwanda iliifyatulia kombora ndege ya kivita ya Congo aina ya Su-25, ikisema imeingia anga yake upande wa Gisenyi. Ndege ikatua Goma ikiwa imeharibika. Kinshasa ikakiita kitendo cha vita. Mapigano ya mashariki mwa Congo yaliendelea, ila yalikuwapo kabla ya kombora lile. Mlango wa anga wenyewe ulikuja kufungwa Februari 2025, Congo ilipozikataza ndege za Rwanda, na RwandAir ikalazimika kuzunguka. Miaka miwili baada ya kombora, na kwa sababu ya vita vya ardhini.

"Anga ya nchi ni kote inakoongoza ndege." Hapana. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa nchi mamlaka kamili juu ya ardhi yake na bahari yake, na bahari hiyo inaishia maili 12. Waongozaji wa ndege wa Dar es Salaam wanahudumia eneo kubwa la Bahari ya Hindi lililo mbali na mpaka huo, lakini kuhudumia si kumiliki. Ukisoma kwamba ndege ya kivita "imekaribia anga" ya fulani, uliza kama ilivuka zile maili 12. Aghalabu haikuvuka.

"Anayefunga anga hapotezi kitu." Pakistan ilipofunga anga yake kuanzia tarehe 27 Februari mpaka 16 Julai 2019, Air India ilipoteza rupia za India bilioni 4.91, kwa hesabu iliyotolewa bungeni Delhi. Sawa. Lakini waziri wa anga wa Pakistan mwenyewe alisema nchi yake imepoteza rupia zake bilioni 8.5, kwa sababu kila ndege inayopita juu hulipa ada, na ndege ambayo haikupita haikulipa. Ni kama kufunga geti la maegesho yako ili kumkomoa jirani.

"Yale ya KQ yalikuwa hayo hayo." Hayakuwa. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuizuia Kenya Airways, ndiyo hiyo KQ, kuleta abiria Dar kuanzia tarehe 22, kwa sababu Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania haki ya kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine. Ule ni ugomvi wa haki za usafirishaji. Hakuna rada, hakuna rubani aliyevaa sare. January Makamba, wa kwetu Bumbuli, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alizungumza na mwenzake wa Nairobi, na likaisha kabla tarehe ya katazo haijafika. Malori ya machungwa pale Horohoro hayakujua hata kama kuna jambo.

"Wakishapatana, kila kitu kinarudi kama zamani." Hii inawapata hata wasomi. Juni 2016 Rais Erdoğan wa Uturuki alimwandikia Putin barua ambayo Kremlin, ikulu ya Urusi, iliiita ya kuomba radhi, na kufikia mwisho wa mwezi Putin akaanza kuondoa zuio la utalii. Agosti wakakutana St. Petersburg wakapeana mikono. Machungwa na machenza ya Uturuki yakaruhusiwa tena Oktoba. Na nyanya? Nyanya zikakaa nje mpaka mwishoni mwa 2017, na ziliporudi zilipewa mgao wa tani 50,000. Katika muda ule wakulima wa Urusi walikuwa wamekopa benki na kujenga vitalu vya kioo vya nyanya zao, na hawakuwa na haraka ya kumwona Mturuki sokoni. Balozi wa Urusi aliuawa kwa risasi Ankara Desemba 2016 na uhusiano haukukatika. Julai 2019 Uturuki ikapokea mitambo ya S-400, ya kutungulia ndege, kutoka kwa Urusi huyo huyo. Hayo yote yakitokea, mkulima wa nyanya alikuwa bado anahesabu mgao.

Yule bwana wa bajaji alirudi kwa muuzaji wake baada ya wiki tatu. Akapewa bei mpya, malipo ya awali mapya, na nafasi ya mwisho kwenye foleni ya kiwanda. Kontena alilolikataa lilifika Tanga kwa jina la mfanyabiashara mwingine, na karatasi zake nilizitoa mimi.