Kucheka muvi mbaya hakuifanyi iwe komedi ya giza

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Umoja, tivii iko juu ya kioo, na vile Disemba imeingia ni muvi za Krismasi tu, wakaweka moja ya mzee wa nguo nyekundu anakimbiza watu na shoka. Damu ilikuwa inakaa tomato sosi, shoka lenyewe lilikuwa linapinda, watu wakacheka mbaka kinyozi akasimamisha mashine, halafu jamaa mmoja akasema ile kitu nimesikia mara nyingi sana mwaka huu, ati "hii sasa ndio komedi ya giza." Sikubishana naye lakini imenikaa kichwani, kwa hivyo wacha niiandike.

Komedi ya giza ni kuchekesha watu na jambo lenye kwa kawaida halichekwi, kama kifo, ugonjwa, mazishi. Ukiiingiza ndani ya muvi ya kutisha unapata komedi ya kutisha, na ukiipeleka siku ya Krismasi unapata hizi zenye watu hutafuta kila Disemba. Maana ni hiyo tu. Shida iko kwa neno giza.

Watu wengi wakisikia giza wanafikiria usiku, taa zimezimwa, damu kwa ukuta. Sio hilo. Hilo jina lilienea kutoka Ufaransa, ambapo mwandishi André Breton alikusanya maandishi ya aina hiyo akayatoa kama kitabu mwaka wa 1940 na kuyaita ucheshi mweusi, na serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani wakati wa vita, ikakizuia kitabu chenyewe. Mwandishi wa kwanza kumweka humo ni Jonathan Swift, yule wa Ireland ambaye mwaka wa 1729 aliandika pendekezo la kejeli kwamba maskini wauze watoto wao wakiwa na mwaka mmoja waliwe na matajiri, na anaeleza hesabu yote, wangapi wabaki, bei gani, wa kuchemsha ama wa kuchoma, kwa utulivu wa mtu anayepiga bajeti ya shule. Hakuna usiku hapo wala hakuna taa imezimwa. Weusi wake ni ule wa nguo za matanga, yaani unacheka na maiti bado iko ndani ya nyumba.

Na hiyo kitu si ngeni kwetu hata kidogo. Uliza watu wa Tanzania kuhusu watani msibani, yaani watu wa ukoo ama kabila lenye ruhusa ya kuwatania. Mtani anafika kwa matanga, anaanza kumwiga marehemu venye alikuwa anatembea, venye alikuwa anapenda nyama, na mjane mwenyewe anacheka machozi yakiwa bado yanamshuka. Hapo hakuna mtu anasema msiba umeisha. Msiba uko palepale, na ndio unafanya kicheko kiwe na uzito.

Sasa rudi kwa ile muvi ya kinyozi. Sisi tulicheka juu ilishindwa kututisha. Hiyo ni tofauti kubwa sana na ndio inaniuma. Chukua mfano wa DJ Afro, yule bingwa wa kutafsiri muvi, anaweza kuchukua muvi ya vita yenye watu wanakufa kila dakika akaweka maneno yake mbaka mbavu zikuume, lakini hiyo haigeuzi muvi kuwa komedi, kicheko kimetoka kwake. Vilevile ukicheka shoka linalopinda, kicheko kimetoka kwako, mwenye muvi hakukipanga. Hilo neno la Kizungu la muvi za kutisha, horror, lina asili ya Kilatini, maana yake nywele kusimama, yaani ile sisi husema mwili umenisisimka. Mwili usiposisimka hata mara moja, ule upande wa kutisha haupo, na bila huo upande giza litatoka wapi?

Yenye inafanya vizuri ni Gremlins, muvi ya 1984 ya Joe Dante. Katikati ya fujo ya viumbe vidogo vibaya vinavyoharibu mji mzima wakati wa Krismasi, msichana anaanza kueleza kwa nini hapendi Krismasi. Baba yake hakurudi nyumbani mkesha wa Krismasi, siku zikapita, baridi ikazidi, akaenda kuwasha moto na hapo ndio akasikia harufu. Wazima moto wakaja, yeye na mama yake wakidhani ni paka ama ndege amekufa kwa bomba la moshi, kumbe wakamtoa baba yake, amevaa zile nguo nyekundu, zawadi ziko mikononi, shingo imevunjika. Na anamaliza kwa kusema ndivyo alijua Santa hayuko. Studio walitaka hiyo sehemu ikatwe juu mtu hajui acheke ama alie, Dante akakataa. Ashukuriwe, juu hapo pa kutojua ndipo komedi ya giza inakaa.

Na ndio maana Krismasi inaifaa kuliko siku nyingine yoyote. Ni siku yenye kila mtu ameamriwa kufurahi. Nauli imepanda, umebanwa kwa basi ya kwenda ushago na mchele na unga magotini, na ukifika kuna kiti cha mtu ambaye mwaka jana alikuwa hapo anachinja mbuzi, na hakuna mtu anataka kumtaja juu ni sikukuu. Muvi kama hiyo inamtaja. Inakuruhusu uogope na ucheke kwa kitu kilekile, kwa pumzi moja, na mtu aliyebeba huzuni Disemba anaelewa haraka sana kwa nini watu wanaipenda.

Kwa hivyo yule jamaa nikikutana naye tena nitamwambia ile yetu ya juzi aiite tu muvi ya kutisha iliyoshindwa kutisha. Kuicheka si vibaya, hata mimi nilicheka. Lakini hilo jina lingine aliwekee ile itakayomchekesha halafu usiku imnyime usingizi.