Jirani yako hakuuawa na insulini

Wiki hii wamenijia wanne na hadithi ileile. Wa mwisho ni mama wa Arua, kaskazini mwa Uganda: sukari 22, juu mno, amekonda mpaka gomesi inamvuka mabega, naye anasihi, "Daktari, vidonge niongezee, sindano ya insulini hapana. Jirani yangu walimwanzishia, mwezi haukuisha tukamzika."

Kila mgonjwa ana huyo jirani. Hakuna anayeniambia alianza sindano lini! Nami najua: baada ya miaka ya kunywa mululuza, yale majani machungu ya kienyeji, mguu umeoza, figo zimechoka, ndipo akabebwa hospitali. Tukamchoma, akafa, lawama ikabaki kwenye chupa. Kwa hesabu hiyo dripu ingekuwa muuaji mkubwa zaidi, maana wangapi wamekufa ikiwa mkononi?

Leonard Thompson wa Toronto, mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini, alikuwa na miaka 14 alipochomwa insulini Januari 1922. Alikuwa mifupa mitupu. Akaishi miaka 13 zaidi.

Linalonikera hasa ni hili la kusema sukari ya ukubwani ni ya wanene, basi mwembamba vidonge vinamtosha. Kwenye benchi langu wembamba ni wengi, na kwa wengi wao shida si mwili kuikataa insulini. Kongosho lenyewe, kiungo kinachotengeneza insulini, linatoa kidogo. Kumrundikia mtu huyo glibenklamidi, kidonge cha kulihimiza kongosho litoe zaidi, ni kumkamua ng'ombe aliyekauka. Halafu tunamwambia apunguze posho (ugali), apunguze uzito! Uzito upi?

Nikiri: kumtambua si rahisi. Kipimo cha C-peptidi, kinachoonyesha mwili unatengeneza insulini kiasi gani, ni ghali, kwa hiyo natazama umri, uzito, ketoni (dalili ya upungufu wa insulini) kwenye mkojo, kisha nakisia. Nimewahi kukosea pande zote mbili. Wapo niliowaanzishia sindano, miezi michache baadaye nikawarudisha kwenye vidonge, basi hata lile la "ukianza huachi" si la wote. Mwenye aina ya kwanza, ambaye mwili wake karibu hautoi insulini kabisa, huyo asiiache hata siku moja.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, nayo msiniletee kama hukumu ya mahakama. Mwenye selimundu, au aliyetoka kwenye malaria kali, chembe zake nyekundu hufa mapema na namba inatoka nzuri kwa uongo. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha. Mimi naamini zaidi daftari la vipimo vya kidole.

Sukari kushuka ndiyo hatari ya kweli ya sindano: ukitetemeka na jasho likikutoka, kunywa soda, ile yenye sukari. Huna friji ya kuhifadhia insulini? Chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, kivulini. Usiilaze juu ya barafu, ikiganda imeharibika.

Mama wa Arua alikubali, shingo upande. Mlangoni akageuka: "Chupa hii ikiisha, nitarudi kwenye vidonge?" Nikamwambia sijui, mama. Arudi baada ya wiki mbili na daftari.