Ukiwa kusini ya ikweta, geuza kitabu: dhana potofu kuhusu vitabu vya wanaastronomia na watazama-nyota wa ridhaa

Mara ya kwanza nilipoingia dukani kuulizia kitabu kuhusu wanajimu, niliwekewa mezani vitabu vitatu: kimoja cha kusoma viganja, cha pili cha tafsiri ya ndoto, cha tatu cha nyota za kuzaliwa. Muuzaji hakukosea. Kwa Kiswahili chetu, mnajimu ni yule anayepima mwendo wa sayari na pia ni yule anayeagua, kwa hiyo mwenye duka alinipa anayemjua zaidi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya maneno ninayoambiwa kila ninapoonekana na kitabu cha habari za watazama-nyota. Mengine ni ya kusahihisha kwa sentensi moja, mengine yanahitaji kukaa kitako.

"Hivyo ni vitabu vya kupiga falaki."

Zamani kazi hizi mbili zilikaa nyumba moja kweli. Johannes Kepler, aliyegundua kwamba sayari huzunguka Jua katika njia ya duaradufu, alipiga falaki kwa ajili ya jemadari Wallenstein mwaka 1608, na malipo ya namna hiyo yalimsaidia kuishi. Leo zimeachana. Vitabu ninavyovizungumzia hapa ni vya maisha ya watu waliokesha wakitazama angani, walichokiona, na jinsi walivyokiandika. Nitawaita wanaastronomia, ili msomaji asije akatafuta humo siku njema ya kufunga ndoa.

"Galileo aligundua darubini, akachomwa moto."

Hapa pamechanganywa watu watatu. Aliyeomba hataza ya darubini mwezi Oktoba 1608 alikuwa fundi miwani wa Uholanzi, Hans Lipperhey. Galileo alisikia habari mwaka 1609, akajitengenezea yake, akaiboresha hadi ikakuza mara 20 hivi, na mwezi Machi 1610 akachapisha Venice kijitabu cha milima ya Mwezi na vile vinyota vinne, yaani miezi, vilivyoizunguka sayari ya Mshtarii. Aliyechomwa moto Roma mwaka 1600 ni Giordano Bruno. Galileo alihukumiwa mwaka 1633 na kufungiwa nyumbani, akafa humo mwaka 1642. Kitabu chochote kinachomweka kwenye kuni, kiweke chini.

"Vitabu vya zamani vya nyota viliandikwa tu, hakuna aliyevisoma."

Hii ndiyo dhana ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu kuna mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuikagua. Mwaka 1543 Copernicus alichapisha kitabu chake kilichosema Dunia ndiyo inayozunguka Jua. Mwaka 1959 mwandishi Arthur Koestler akadai kwamba kitabu hicho hakikusomwa na mtu. Dai lilinoga, kwani kitabu chenyewe ni kigumu, kimejaa majedwali na michoro ya jiometri, basi watu wakalikubali.

Mwaka 1970 Owen Gingerich, profesa wa Marekani, alikuwa Edinburgh, akafungua nakala iliyokuwa katika maktaba ya kituo cha kutazamia nyota. Kando za kurasa zilikuwa zimejaa maandishi ya mkono, tangu mwanzo hadi mwisho. Alipochunguza akakuta ni nakala ya Erasmus Reinhold, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 16. Gingerich akajiuliza: ikiwa nakala ya kwanza niliyoifungua kwa makini imesomwa hivi, je, nyingine? Akaanza kuzisaka. Kwa miaka 30 alizunguka maktaba za nchi nyingi, akakagua nakala 600 hivi za chapa ya 1543 na ya 1566, moja baada ya moja, akinakili maandishi ya pembezoni. Akawatambua walimu na wanafunzi wao kwa miandiko yao, maana mwanafunzi alikuwa akinakili maelezo ya mwalimu wake neno kwa neno. Aliona pia nakala ambazo mistari yake ilifutwa kwa wino baada ya Kanisa kutoa masahihisho mwaka 1620. Zaidi ya nusu ya zilizokuwa Italia ziliguswa hivyo, lakini nje ya Italia karibu zote zilibaki salama. Alipochapisha habari ya msako huo mwaka 2004, aliupa jina la kitabu ambacho hakuna aliyekisoma, kisha ukurasa baada ya ukurasa akaonyesha waliokisoma.

Nawasihi wanaoanza kusoma habari za wanaastronomia waanzie kwenye kisa hiki. Ukikimaliza, hutaogopa tena kuandika pembezoni mwa vitabu vyako kwa penseli.

"Ridhaa maana yake kazi hafifu."

Tumelizoea neno hili kwenye ndondi na kandanda: mchezaji wa ridhaa ni yule ambaye bado hajafika. Kwenye nyota hesabu haiendi hivyo. William Herschel alikuwa mwanamuziki, mzaliwa wa Hanover, akipiga kinanda kanisani na kufundisha muziki katika mji wa Bath, Uingereza. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake, aliona kitu ambacho hakikuwa kitone kama nyota. Alidhani ni nyotamkia. Ilikuwa Uranus, sayari ya kwanza kugunduliwa tangu binadamu aanze kuandika.

Pembeni yake alikuwapo dada yake Caroline, na hapo pana dhana nyingine ndogo iliyojificha, kwamba alikuwa msaidizi tu. Ni kweli alimsaidia. Kaka yake alipokuwa akisugua kioo cha darubini kwa saa 16 bila kuinua mikono, yeye ndiye aliyemlisha tonge kwa tonge. Lakini tarehe 1 Agosti 1786 aligundua nyotamkia yake ya kwanza, na hadi 1797 zilikuwa zimefika 8. Mfalme alimpa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka kuanzia 1787. Mwaka 1828 Chama cha Kifalme cha Astronomia kilimpa nishani ya dhahabu, na mwanamke mwingine hakuipata hadi Vera Rubin mwaka 1996. Maandishi yake ya maisha yamebaki, nayo ni ya mtu anayekumbuka baridi ya usiku na kazi za jikoni kwa pamoja.

Hayo ni ya kale, utasema. Tazama basi ya karibu. Robert Evans, mchungaji wa kanisa nchini Australia, alikariri sura za mamia ya galaksi kichwani kama mtu anavyokariri nyuso za majirani. Nyota ngeni ikitokea, aliitambua papo hapo, na kwa njia hiyo alipata supanova, yaani nyota zinazolipuka, zaidi ya 40. Tarehe 20 Septemba 2016 huko Rosario, Argentina, fundi wa kufuli aitwaye Víctor Buso alikuwa akijaribu kamera mpya kwenye darubini yake, akapiga picha nyingi za galaksi moja. Katika picha hizo kulikuwa na mwanga wa mwanzo kabisa wa nyota inayolipuka, jambo ambalo vituo vikubwa vilikuwa vimelitamani kwa miaka mingi.

"Bila darubini ya bei mbaya, vitabu hivi ni vya kujitamanisha tu."

Leslie Peltier alizaliwa mwaka 1900 katika familia ya wakulima, Ohio, Marekani. Alianza na kitabu cha kuazima maktaba na macho yake, akajifunza nyota moja moja. Darubini yake ya kwanza aliinunua kwa dola 18, na pesa hizo alizipata kwa kuchuma stroberi kwa malipo ya senti mbili kwa kipimo. Ilimbidi ajaze vipimo 900. Ninaposoma ukurasa huo huwa nafikiria vijana wetu wanaochuma karafuu au kahawa msimu hadi msimu.

Wauzaji wa darubini huandika kwenye boksi kwamba inakuza mara 500. Usidanganyike. Darubini yenye kioo cha kipenyo cha milimita 60 ikipita ukuzaji wa mara 120 hivi, unachokuza ni ukungu. Afadhali darubini ya mkononi ya macho mawili, iliyoandikwa 7x50 au 10x50 (inakuza mara 7 au 10, vioo vyake vya mbele ni vya milimita 50), ambayo utaweza kuitumia hata kwa ndege na meli.

"Kitabu kikisema, fuata kilivyosema."

Sasa tumefika kwenye kosa lililoniumiza mimi mwenyewe. Kitabu changu cha kwanza cha mwongozo kilitoka Ulaya. Kilisema: anza kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini. Nilikuwa Tanga, ufukweni, na niliitafuta kwa wiki kadhaa nikiamini macho yangu ni mabovu. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa mtu aliye kusini ya ikweta nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar, Bujumbura: kote haionekani.

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wa kaskazini kwa ajili ya watu wa kaskazini, na havisemi. Vinachora kundinyota la Jabari limesimama wima, mabega juu na miguu chini. Kwetu huchomoza mashariki limelala ubavu, kichwa kaskazini, kisha hupita karibu na utosi. Vinachora mwezi mchanga umesimama kama kifua cha njiwa, na kumpa mtoto kanuni ya kuufananisha na herufi ili ajue kama unakua au unapungua. Mwezi mchanga wetu mara nyingi hulala chali kama dau, na kanuni hiyo haitusaidii. Vinataja nyota "za majira ya baridi" kumaanisha Desemba hadi Februari, wakati ambapo sisi tunajipepea. Dubu Mkubwa, ambalo kwao halizami, kwetu huonekana jioni za Aprili na Mei likiwa limepinduka, chini chini upande wa kaskazini.

Dawa yake ni rahisi: geuza kitabu mkononi mpaka picha ilingane na anga, na penye jina la majira andika jina la mwezi. Kumbuka pia mawingu ya masika. Anga letu bora ni la kipupwe, Juni hadi Septemba.

Na hapo ndipo bahati yetu inapoonekana. Miezi hiyo kundinyota la Nge na kitovu cha Njia Nyeupe hupanda karibu na utosi. Mtu wa London hukiona kitovu hicho nyuzi kama 10 tu juu ya mapaa ya nyumba. Charles Messier, Mfaransa aliyewinda nyotamkia, aliandika orodha mashuhuri ya vitu vya angani, ambayo leo ina vitu 110. Watu hudhani ni orodha ya vitu vizuri kuliko vyote. Aliiandika ili asivikosee kwa nyotamkia, na aliandika vile tu vilivyoonekana kutoka upande wake. Omega Centauri, fundo la nyota kama milioni 10 linaloonekana hata kwa macho matupu, halimo, kwa sababu Paris halichomozi. Dar es Salaam, jioni za Mei na Juni, likiwa juu kabisa hufikia zaidi ya nusu ya kimo cha anga.

Orodha yake ya kwanza, ya 1774, iliishia namba 45. Namba hiyo ni Kilimia. Wakulima wetu walishakijua bila namba: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

"Hii ni elimu ya Wazungu."

Abd al-Rahman al-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota zisizohama mwaka 964 hivi, na ndani yake akataja "wingu dogo" ambalo leo tunajua ni galaksi ya Andromeda. Majina ya nyota yaliyomo katika vitabu vya Ulaya yamejaa Kiarabu, na anayejua Kiswahili husikia mwangwi wake: Aldebaran ni mfuasi, anayekifuata Kilimia, Fomalhaut ni kinywa cha samaki. Mabaharia wa pwani yetu waliiita Suheli nyota ambayo vitabu vinaiita Canopus, na upande wa kusini ukachukua jina hilohilo.

Tena kuna setilaiti yenye jina letu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, jukwaa lililokuwa baharini karibu na Malindi lilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei angani tu. Ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kukifanya kitu cha angani kiitwacho Cygnus X-1 kuwa mtuhumiwa wa kwanza wa kuaminika wa kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Katika vitabu vingi vya mashimo meusi utalikuta neno hilo la Kiswahili, Uhuru, katikati ya Kiingereza.

"Yote yameshaonekana, kilichobaki ni kusoma."

Kuna nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa siku, miezi au miaka, na mtu anayekadiria mwanga huo kwa jicho na kuuandika anatoa data inayotumika. Chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota hizo kilianzishwa mwaka 1911 na hupokea taarifa kutoka nchi yoyote. Watazamaji walio kusini ya ikweta ni wachache kuliko wa kaskazini. Yule mchuma stroberi, Peltier, alianza tarehe 1 Machi 1918. Alituma taarifa kila mwezi, bila kuruka hata mmoja, hadi alipofariki mwaka 1980, na katika daftari zake kulikuwa na makadirio zaidi ya 130,000.