Miaka miwili na nusu, bado anasema "mama" tu: maswali ya wazazi wa Nairobi

Mwanangu ana miaka miwili na nusu na neno lake ni "mama" pekee. Nyanya yake anasema wavulana huchelewa, tungoje. Tungoje?

Msingoje. Wapo wavulana wanaochelewa kidogo, hapo nyanya hajakosea, lakini mtoto akifika miaka miwili kwa kawaida huunganisha maneno mawili: "leta maji", "baba kuja". Mwanzo apimwe masikio. Mtoto anaweza kugeuka mlango ukibamizwa, kumbe sauti nyembamba kama "s" na "f" hazimfikii, nasi tunamwita mkaidi.

Mimi namsemesha Kijaluo, yaya Kiswahili, shule ya chekechea Kiingereza. Tumemchanganya?

Hapana. Lugha nyingi hazimfanyi mtoto kuwa bubu, na mkihesabu maneno yake hesabuni ya lugha zote: "pi" ni neno, "maji" ni neno. Ningeulizia televisheni kwanza. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Katuni haimngojei mtoto ajibu.

Jirani anasema akatwe kimeo.

Kimeo hakizuii usemi. Wembe wa mkataji ndio unaoleta damu isiyokatika na maambukizi. Ulimi uliofungwa, yaani utando wa chini ya ulimi ukiwa mfupi, ni jambo jingine: waweza kusumbua kunyonya, pengine na matamshi ya sauti fulani, ila si sababu ya mtoto kutosema kabisa. Auangalie daktari.

Hiyo "OT" tuliyoandikiwa ni nini?

Ni kifupi cha Kiingereza "occupational therapy", tiba ya shughuli za kila siku: kushika kijiko, kufunga vifungo, kukaa bila kuanguka, kuvumilia kelele au mguso. Utaona mtoto anacheza na shanga na kudhani mmepoteza nauli. Vile vidole vinafanya kazi.

Binti yangu ana mtindio wa ubongo. Uji humchukua saa nzima, anapaliwa, na amelazwa kwa nimonia mara mbili.

Mama, hili ndilo la haraka kuliko yote hapo juu. Kupaliwa kila mlo na nimonia ya kurudiarudia ni dalili kwamba chakula huenda kinaingia njia ya hewa. Wengi wetu tulilishwa tumelazwa mapajani, kichwa nyuma, pua ikizibwa ili tumeze. Kwa mtoto huyu ni hatari: uji unateremka koo likiwa halijajiandaa, na anapotafuta pumzi anauvuta.

Akae wima, nyonga zimekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu, kidevu kimeinama kidogo. Kaa mbele yake, macho kwa macho. Tumia kijiko kidogo bapa, kiweke juu ya ulimi, kibonyeze polepole, mngoje afunge mdomo na kumeza kabla ya kijiko kingine. Uji mwepesi hukimbia kooni. Uzito wa uji unaomfaa aupime mtaalamu wa usemi na kumeza, usikisie. Mlo ukizidi nusu saa, huenda anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Midomo ikibadilika rangi au akipumua kwa shida, acha kulisha, mkimbizeni hospitali.

Twende wapi?

Anzeni kliniki mnayopelekea mtoto chanjo, mkiwa na kijitabu cha Mama na Mtoto, muombe barua ya rufaa. Hospitali ya Kenyatta ina wataalamu hawa, na Gertrude's ya Muthaiga pia, ingawa ni ya kibinafsi na mfuko utaisikia. Kwa tathmini ya masomo iko KISE, Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, Kasarani.

Mrekodi mlo mmoja kwa simu, maana mtoto akifika kwa mgeni hukataa hata maji. Na mwende na yaya. Mtaalamu atakuwa na mtoto labda mara moja kwa wiki. Kijiko anakishika yaya mara tatu kwa siku.