Hasira ya karani haijazi tangi

Juzi nimeisikia tena, tena kwa afisa utumishi mzoefu, akimsema mfanyakazi aliyefichua ubadhirifu kazini: "Huyo hana uchungu wowote na kampuni, alinyimwa cheo tu." Nimefanya ukaguzi wa ndani miaka mingi, na kauli hiyo imenichosha.

Karani mmoja wa stoo aliwahi kuniletea picha ya daftari la mafuta. Pikapu iliyokuwa gereji juu ya mawe, magurudumu yametolewa, imeandikiwa dizeli lita 60 kwa siku nne mfululizo. Saini zote nne za dereva zina wino mmoja na mlalo mmoja, kama zimepigwa kwa mkupuo. Kwenye kikao hakuna aliyeanza na mafuta. Swali la kwanza: "Nani kapiga picha?" La pili: "Si yule aliyegombana na meneja?"

Ndiye. Waligombana, na hasira alikuwa nayo. Sasa hasira yake imeingizaje dizeli kwenye gari lisilo na magurudumu?

Nielewekeni. Akija mtu na maneno matupu, "nilimsikia bosi akisema", hapo ni haki kuuliza wana nini wao wawili, kwa sababu unachopima ni neno lake. Akileta daftari, unapima daftari: liweke kando ya hati ya gereji, risiti za kituo na kitabu cha safari. Vikigongana, mwenye chuki kasema kweli. Anayetunga uongo makusudi ammalize mwenzake ni mzushi, na huyo simtetei. Lakini kosa lake ni uongo. Kuchukiana na bosi si kosa.

Halafu kuna la "mambo ya ndani yaishie ndani". Sawa, anza ndani, kama huyo unayemwendea hahusiki. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, aliona mabilioni ya shilingi yakilipwa kwa kampuni ya Goldenberg kwa kisingizio cha kuuza nje dhahabu na almasi. Malipo yanapita humohumo benki, amwambie nani? Nyaraka zikawafikia wabunge wa upinzani mwaka 1993. Alikamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, kesi ikafutwa, kazi hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006, maskini.

Tanzania tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi tangu 2015. Peleka kwa mamlaka husika. Ukirusha kwenye kundi la WhatsApp, usitegemee ikukinge.

Kuna kitu kinaninyima usingizi, na kwenye semina huwa tunakiruka. Yule karani aliniuliza, "Mzee, nikiandika jina langu, kazi nitabaki nayo?" Nikamjibu kwamba sheria ipo. Nilisema kweli, ila si alichoniuliza. Hakufukuzwa, hakuandikiwa barua ya onyo. Mkataba wake wa mwaka mmoja ulipoisha haukuhuishwa, sababu iliyoandikwa ni bajeti. Ana watoto watatu. Mpaka leo sina uhakika kwamba ningekosea kama ningemwambia, "Mwanangu, futa hiyo picha." Kazi yangu yote inanitaka niseme ningekosea, lakini kila nikimkumbuka nashindwa kulitamka.

Siku hizi akija mtu na karatasi mkononi, kabla sijaipokea namuuliza kwanza mkataba wake unaisha lini.