Masalia ya dawa si vidonge vilivyobaki

Masalia ya dawa majini ni ile kemikali yenyewe inayotibu, au vipande ilivyovunjwa na mwili, inapokutwa mtoni au ziwani, kwa kawaida kwa nanogramu au mikrogramu kwa lita. Nanogramu moja kwa lita ni sawa na kidonge cha miligramu 500 kukorogwa katika lita milioni 500.

Kero ni neno lenyewe, “masalia”. Likitajwa tu, watu hurukia vidonge vilivyopita muda na kukumbushana visitupwe chooni. Ushauri mzuri, ila hayo ni mabaki. Baki limetoka Kiarabu, na wali uliobaki sufuriani haujaliwa. Masalia ni ya kitenzi cha Kibantu, kusaa, ndugu yake kusaza kwenye “kula na kusaza”. Kikinyambuliwa, ile l iliyomezwa zamani huchomoza: kusalia. (Kumsalia maiti ni kitenzi kingine, cha Kiarabu.) Mtaani maneno haya hubadilishana na hakuna ubaya. Kwa mpima maji, masalia ni kinachosalia baada ya dawa kutumika.

Kidonge cha TLD, cha kutibu VVU, kina miligramu 300 za dawa iitwayo lamivudini. Takriban asilimia 70 hutoka kwenye mkojo ikiwa nzima, yaani zaidi ya miligramu 200, na hakuna aliyetupa kitu. Ndiyo maana imepimwa ikakutwa Mto Nairobi. Metformini, ya kisukari, nayo ini haliivunji kabisa. Karbamazepini, ya kifafa, ni kinyume: hutoka nzima asilimia 2 au 3 tu kwa mkojo, lakini bakteria wa mabwawa ya majitaka karibu hawaigusi, kwa hiyo mitoni haikosi. Amoksilini, ya kuua bakteria, hutoka kwa wingi, kisha pete yake ya kemikali hufunguka majini. Diklofenaki, ya maumivu, huvunjwa na jua, mradi maji yawe maangavu. Kwenye maji ya tope hujiendea zake.

Halafu kuna “si imeshayeyuka?” Sukari iliyoyeyuka kwenye chai bado ni sukari. Kuyeyuka si kuvunjika, na kuchemsha maji hupunguza maji. Karbamazepini hubaki sufuriani.

Basi ukiandika tangazo la kuwaomba watu warudishe famasi dawa wasizomaliza, andika mabaki. Masalia hayarudishiki, yalishatoka na mkojo wa asubuhi.