Kabla ya kununua jumba la kale la mawe, kagua viungo vyake

Tangazo la jumba la kale linalouzwa mashambani Uingereza hutanguliza picha: bustani, dohani ndefu, ngazi ya mwaloni. Mnunuzi akishapenda picha, mkaguzi anayetaja unyevu huonekana mtu wa nuksi. Hata hivyo, sisi wakaguzi hatuanzi na ngazi. Tunaanzia nje, kwenye viungo vya mawe, yaani mianya kati ya jiwe na jiwe iliyojazwa chokaa.

Ukuta wa aina hii mara nyingi una nyuso mbili za mawe, na katikati kifusi kilichoshikizwa kwa chokaa. Unene wake huzidi nusu mita. Haukujengwa uzuie maji kabisa. Hunywa mvua kidogo, kisha huyatoa maji hayo kupitia chokaa hali ya hewa ikitulia. Chokaa ni laini kuliko jiwe, na ndivyo inavyotakiwa: kichakae kiungo, maana hicho hujazwa upya. Saruji ya Portland, iliyopata hataza mwaka 1824, ni ngumu na haipitishi unyevu kirahisi. Fundi akiziba viungo kwa saruji, maji hulazimika kutoka kupitia jiwe lenyewe. Yakiganda kwa baridi hutanuka, na uso wa jiwe hubanduka. Ukiona saruji ya kijivu imesimama kama fremu huku mawe yameliwa kuingia ndani, kazi ya kurudisha chokaa inakungoja, na haifanyiki wakati wa barafu.

Muuzaji akisema walishadunga dawa ya kuzuia unyevu ukutani, usiridhike. Tazama mifereji ya paa, kisha ulinganishe udongo wa nje na sakafu ya ndani. Udongo uliopanda juu ya sakafu hakuna dawa itakayoushinda, uchimbwe tu.

Zipo na karatasi. Katika England (Scotland ina sheria zake), majengo mengi ya kabla ya 1850 yaliyobaki karibu na hali yake ya asili yameorodheshwa kuwa majengo yanayolindwa kisheria, kwa daraja la I (la juu kabisa), II* au II. Wengi hudhani daraja la II hulinda sura ya nje tu. La, na ndani pia. Kubadili jengo hilo bila kibali ni kosa la jinai, kifungo chake hufika miaka 2. Anayeshtakiwa ni aliyefanya au aliyeagiza kazi, lakini amri ya kurekebisha haina ukomo wa muda, na humfuata mmiliki wa sasa. Madirisha ya plastiki aliyoyaweka mtangulizi wako kinyemela, halmashauri inaweza kukuamuru wewe uyang'oe kwa fedha zako. Mwanasheria wako adai nakala ya kila kibali kabla hujatia saini.